Baridi ya kipupwe Singida: namna ya kulala na joto bila kuingiza jiko la mkaa chumbani

Kuanzia Juni hadi Agosti mkoa wetu wa Singida huwa kwenye kipupwe. Mchana jua linawaka, lakini likishazama upepo huanza kupenya milangoni, na ikifika alfajiri blanketi moja halitoshi. Swali linalotufikia redioni miezi hii ni lile lile kila mwaka: tufanyeje nyumba iwe na joto wakati alizeti haijauzwa, au fedha yake imeishia kwenye madeni?

Makala hii inaeleza njia ambazo kaya yoyote ya kijijini inaweza kuzifuata, nyingi zikiwa hazina gharama. Inaeleza pia kwa nini njia ambayo wengi huikimbilia, ya kuingiza jiko la mkaa chumbani, ndiyo ya hatari kuliko zote.

Kwa nini kwetu kuna baridi

Singida iko karibu na ikweta, takribani nyuzi 5 kusini, kwa hiyo mgeni huja bila sweta akidhani ni joto mwaka mzima. Baridi yetu ina sababu tatu kubwa.

Ya kwanza ni mwinuko. Mji wa Singida uko takribani mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Ya pili ni upepo. Miezi hii upepo wa kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, na nchi yetu ni ya wazi, haina miti mingi ya kuuzuia. Ya tatu ni anga lenyewe. Wingu hufanya kazi kama blanketi: huzuia joto la ardhi lisipotee usiku. Kipupwe hakina mawingu mengi, hivyo joto lililokusanywa mchana hupaa lote.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa mwelekeo wa kipupwe kila mwaka. Ukisikia taarifa ya upepo mkali au baridi zaidi ya kawaida, jiandae siku hiyo hiyo.

Jiko la mkaa chumbani linaua

Mkaa unapoungua hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho kama moshi wa kuni. Ukiivuta, damu huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni. Mwili hukosa hewa wakati mtu anaendelea kupumua, na aliyelala hupitiliza bila kushtuka.

Wapo wanaosema mkaa ukishakolea na kuacha kutoa moshi hauna madhara. Si kweli. Makaa mekundu yasiyo na moshi, hata yanayofifia chini ya majivu, bado yanatoa gesi hiyo. Kuweka bakuli la maji kando ya jiko hakuiondoi. Kuni na mabua yanayofuka ndani ya nyumba iliyofungwa nayo huitoa.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kulegea na kuchanganyikiwa. Kama watu wawili au watatu wa chumba kimoja wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja, na wakitoka nje wanapata nafuu, shuku gesi kwanza. Fungua mlango, watoe wote nje kwenye hewa safi, kisha wapelekeni kituo cha afya hata kama wameamka. Namba ya dharura ya Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Kama mmeota moto jioni, uoteni nje au kwenye jiko la kupikia lenye hewa ya kutosha. Wakati wa kulala, jiko libaki nje, limefunikwa ili upepo usirushe cheche kwenye nyasi kavu.

Ziba njia za upepo

Nyumba isiyo na moto ndani inaweza kupata joto kutokana na miili ya waliolala na jua la mchana. Kazi yako ni kulizuia lisitoke.

Anza na mlango. Chukua nguo kuukuu, ikunje na kuishona kama mfuko mrefu, ujaze mchanga au vitambaa, uulaze chini ya mlango usiku. Halafu tazama upande wa kusi, yaani kusini na mashariki ya nyumba. Nyufa za ukuta zizibe kwa udongo uliochanganywa na kinyesi cha ng'ombe, kama wazee wanavyokandika. Dirisha lisilo na kioo litengenezee pazia zito la kiroba au blanketi chakavu.

Acha tundu dogo juu, upande usiopigwa na upepo, kwa ajili ya hewa. Asubuhi fungua madirisha yote jua liingie. Chumba kinachofungwa mchana na usiku hupata unyevu, na kifua kikuu na mafua husambaa kwa urahisi humo.

Tembe na bati

Nyumba ya tembe ina paa la udongo juu ya miti, na kuta nene. Udongo hunywa joto la jua mchana kutwa na kulitoa polepole usiku. Ndiyo maana aliyehama kutoka tembe kwenda nyumba ya bati huona baridi imeongezeka: bati hupata joto haraka na kulipoteza haraka.

Kama una bati na huna fedha za dari, shona viroba vilivyosafishwa pamoja na uvitandaze chini ya kenchi, juu ya chumba cha kulala. Hewa inayobaki kati ya viroba na bati hupunguza kasi ya joto kutoka. Viroba vinashika moto upesi, kwa hiyo usifanye hivyo kwenye chumba cha kupikia au kinachowashwa kibatari au mshumaa.

Chini kwanza, juu baadaye

Wengi huongeza nguo za kujifunika na kusahau sakafu. Sakafu ya saruji au udongo hunyonya joto la mwili usiku kucha. Anayelala chini aweke kwanza viroba au maboksi, kisha gunia lililojazwa majani makavu, kisha mkeka au godoro. Ngozi ya ng'ombe iliyokaushwa vizuri nayo inafaa. Majani yaanikwe juani mara kwa mara na yabadilishwe, maana kunguni hupenda humo.

Kwa kujifunika, vitu viwili vyepesi hushinda kimoja kizito, kwa sababu hewa inayokaa katikati ndiyo inayotunza joto. Vaa soksi na kofia ulalapo. Nguo za kulalia ziwe kavu. Zilizolowa jasho la shamba hupoza mwili. Chandarua kiendelee kutumika, kwani kipupwe hakimalizi mbu wote.

Unaweza pia kujaza maji ya moto kwenye chupa ngumu isiyovuja, ukaifunga kwa kitambaa na kuiweka miguuni. Usitumie maji yanayochemka kwenye chupa ya plastiki, wala usimwekee mtoto mchanga.

Chakula na pombe

Mwili hutengeneza joto kutokana na chakula. Bakuli la uji wa mtama, uwele au ulezi wenye karanga kabla ya kulala ni msaada wa kweli, hasa kwa mzee anayekula kidogo. Pombe hufanya kinyume. Hupeleka damu kwenye ngozi, mtu akahisi joto, kumbe joto la ndani linatoka. Anayelala njiani baada ya kilabu usiku wa Julai yuko hatarini, hivyo mkimkuta msimwache.

Watoto wachanga na wazee

Joto la kawaida la mtoto mchanga ni nyuzi 36.5 hadi 37.5, na hana nguvu ya kulilinda. Mama amweke kifuani ngozi kwa ngozi, amvalishe kofia na soksi, kisha wafunikwe pamoja, uso wa mtoto ukiwa wazi. Kuogeshwa kwa mara ya kwanza kusubiri angalau saa 24 baada ya kuzaliwa. Mtoto mwenye tumbo na miguu ya baridi, aliyelegea au asiyenyonya, apelekwe zahanati akiwa kifuani hivyo hivyo.

Kikohozi cha mtoto kipimwe kwa saa ya simu. Hesabu anavyopumua kwa dakika 1 nzima akiwa ametulia. Mara 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au mara 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni dalili ya nimonia. Usingoje kesho.

Mzee anayelala peke yake apitiwe jioni na asubuhi. Akianza kuongea ovyo au kusinzia kupita kawaida, huenda baridi imemwingia mwilini, na hilo ni jambo la hospitali.

Ukiwa na fedha kidogo

Usianze na gunia la pili la mkaa. Anza na kofia na soksi za watoto na wazee kwenye mtumba wa mnadani, kisha sweta, kisha blanketi la pili. Mkaa ukiungua umekwisha, lakini blanketi ukilianika na kulitunza litakuwepo kipupwe kijacho. Na usiku wa leo, kabla ya kufunga mlango, hakikisha jiko limebaki nje.