Asili ya Jina Terazo

Hapa kwetu Buseresere mwenye nyumba akijaliwa fedha hutamani sakafu ya terazo. Lakini jina hilo latoka wapi? Ni neno la Kiitalia, nalo ni jina la roshani pia; shina lake ni neno la Kilatini terra, yaani ardhi. Katika karne ya 16 mafundi wa Venice walikusanya vipande vya marumaru vilivyosalia kazini, wakavishindilia katika chokaa, wakavisugua kwa jiwe hata vikang'aa. Saruji ilikuja baadaye.

Je, sisi hatukuwa na kazi kama hiyo? Wazee wa Unguja na Lamu walichoma matumbawe wakapata chokaa, wakaichanganya na kokoto, wakaipigapiga kwa vipande vya miti hata ikawa ngumu. Wakaiita sakafu, neno la Kiarabu lenye maana ya dari au paa. Maana sakafu ya aliye juu ndiyo dari ya aliye chini.

Basi, tukanyagapo terazo, tusiwacheke mama zetu waliosiriba nyumba kwa udongo na mavi ya ng'ombe. Jina lenyewe latukumbusha kwamba nalo lilizaliwa na ardhi.