Munyu

Mwaka 2019 mimi na wenzangu watatu tulitengeneza pesa. Si noti bandia, polisi wasianze kunitafuta. Ilikuwa sarafu ya mtandao, na tuliiunda kwa ajili ya gemu.

Tulikuwa mwaka wa pili chuoni, Dar es Salaam, na tulikuwa na seva yetu ya Minecraft yenye wachezaji kama arobaini, wengi wanafunzi, wachache ndugu na marafiki wa mikoani. Watu walijenga nyumba humo, wakafuga farasi, wakauziana viwanja, na kila siku palikuwa na ugomvi wa malipo. Mwanzoni tulilipana kwa almasi za ndani ya gemu, mpaka mmoja wetu akagundua kasoro iliyomwezesha kuzinakili. Ndani ya wiki moja nyumba iliyouzwa kwa almasi kumi ikawa inauzwa kwa elfu mbili. Hapo ndipo tuliposema tutengeneze kitu ambacho hakinakiliki.

Jina nililitoa mimi. Kwetu ni Ivuna, wilaya ya Momba, kule bondeni upande wa Ziwa Rukwa, mahali penye chemchemi za maji ya chumvi. Nikasema sarafu iitwe Munyu, jina la kale la chumvi ambalo lugha zetu nyingi bado zinalo. Wenzangu walikubali kwa sababu lilikuwa fupi.

Kuunda sarafu si kazi ngumu kama watu wanavyodhani, na pengine hilo ndilo lingetushtua mapema. Programu ya Litecoin, iliyotolewa mwaka 2011, iko wazi kwa kila mtu. Tuliinakili, tukabadilisha jina, tukabadilisha namba chache, kisha tukaunda bloku ya kwanza. Satoshi Nakamoto alipoanzisha Bitcoin mwezi Januari 2009 aliweka ndani ya bloku ya kwanza kichwa cha habari cha gazeti la siku ile. Sisi tuliandika "Ivuna, kiangazi 2019". Kila bloku ilimpa aliyeichimba munyu 50, na mfumo ulilenga bloku moja itoke kila baada ya dakika mbili na nusu. Ukipiga hesabu ni munyu 28,800 kwa siku. Mmoja wetu alipendekeza sarafu zote ziwe 705 tu, kwa sababu ukitafuta jina Ivuna mtandaoni unakutana kwanza na kimondo kilichoanguka kwetu tarehe 16 Desemba 1938, na uzito wa kilichookotwa ulikuwa gramu 705. Kimondo kile ni cha aina adimu sana, na aina yenyewe imebeba herufi ya kwanza ya Ivuna katika jina lake. Wazo lilikuwa zuri. Tukalicheka, tukabaki na milioni 84 za Litecoin kwa uvivu wa kubadilisha.

Neno "kuchimba" linadanganya kidogo. Kompyuta haichimbui kitu. Inakisia namba, mara maelfu kwa maelfu kila sekunde, mpaka mojawapo itoe jibu linalotimiza sharti. Sharti hilo linaitwa ugumu. Kompyuta zikiongezeka, mfumo unapandisha ugumu ili bloku zisitoke haraka, zikipungua, unaushusha. Ila hauushushi papo hapo. Kwa sheria tuliyoinakili, ugumu hupimwa upya baada ya bloku 2,016, yaani siku tatu na nusu mambo yakienda sawa, na kila mara hauwezi kupanda zaidi ya mara nne. Sharti hili nililisoma wakati ule. Sikuliwazia.

Kwa miezi mitatu mambo yalikwenda vizuri kuliko tulivyostahili. Bwenini tuliacha laptopu zikinguruma usiku kucha. Binamu yangu, mtoto wa shangazi, ana duka la steshenari Tunduma, la kuchapa barua na kutoa fotokopi. Naye akaziweka kompyuta zake mbili zichimbe baada ya kufunga duka. Bei ilizaliwa bila sisi kuipanga: mchezaji aliyetaka kiwanja karibu na mto akamtumia mwenzake shilingi 500 kwa simu apewe munyu 1,000. Kesho yake kila mtu akawa anaitaja bei hiyo kana kwamba imeandikwa mahali. Binamu alinunua munyu 120,000 kwa shilingi 60,000, mbali na alizochimba kwa umeme wake. Aliniuliza kabla. Nikamwambia, "Kaka, hii haiwezi kunakiliwa."

Kweli haikunakiliwa. Usiku mmoja wa Oktoba aliingia mgeni, rafiki wa rafiki, mwenye mashine ya mitumba iliyotengenezwa kwa kuchimba Litecoin tu. Kwa mashine ya namna hiyo laptopu zetu zilikuwa kama watu wanaokung'uta mwembe kwa fimbo mbele ya trekta. Bloku zilianza kutoka kila baada ya sekunde chache. Kufika asubuhi alikuwa amechimba kama 6,000, munyu laki tatu hivi, kazi ya siku kumi na nusu kwetu sote. Akanunua viwanja, akaviuza kwa shilingi kwa waliokuwa na hamu, akazima mashine na kuondoka. Hakuvunja sheria yoyote. Sheria tuliziandika sisi, au tuseme tulizinakili.

Kilichotuumiza si zile laki tatu. Usiku ule mfumo ulipima ugumu mara tatu, na kila mara ukaupandisha mara nne. Alipoondoka alituachia ugumu uliozidi wa kwanza mara 64. Bloku iliyokuwa inatoka kwa dakika mbili na nusu sasa ilihitaji saa mbili na dakika arobaini, na bila bloku hakuna malipo yanayothibitishwa. Ili mfumo upime tena na kushusha, tulihitaji bloku 2,016 kwa mwendo huo. Ni siku 224. Mtu aliyenunua farasi Jumatatu aliweza kukaa nusu siku akisubiri muuzaji aone malipo. Wachezaji wakaanza kuzima kompyuta, na kila aliyezima alizidi kuwachelewesha waliobaki.

Dawa zilikuwepo. Dogecoin ilibadilisha sheria yake mwaka 2014 ili ugumu upimwe kila bloku, na sisi tungeweza kufanya hivyo kwa jioni moja. Lakini nusu ya watu walitaka turudi nyuma kabisa, tuufute usiku ule kama haukuwepo. Nusu nyingine walikuwa wamemuuzia mgeni vitu kwa haki, wakauliza kwa nini wafutiwe wao. Ethereum iligawanyika kwa ugomvi wa namna hiyo Julai 2016, ikawa sarafu mbili mpaka leo. Sisi hatukuwa na watu wa kutosha kugawanyika. Tuligombana wiki mbili, kisha watu wakaacha kuingia. Benki Kuu ilipotoa tangazo lake la Novemba 2019 kwamba sarafu za namna hii si fedha halali nchini, mmoja wetu alituma ujumbe kwenye kundi: "Wamechelewa."

Kiangazi kilichofuata nilikwenda Ivuna. Shangazi alikuwa ameshasikia kwa mwanawe. Hakunigombeza. Nilipomwamkia aliitikia, akaniketisha, akanipa maji, kisha akauliza, "Hiyo chumvi yenu, baba, ikikosa mnunuzi mnaifanyia nini?" Nikajaribu kueleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo hamuungii hata mboga."

Nadhani swali hilo ndilo lililonihamisha kutoka shahada ya kwanza ya kompyuta hadi ya pili ya historia, ingawa kwenye fomu ya maombi niliandika sababu yenye heshima zaidi.

Mwaka 1968 jarida la Azania lilichapisha makala ya Brian Fagan na John Yellen kuhusu uchimbaji wao wa kiakiolojia Ivuna. Walikuta vichuguu vya majivu na vigae vya vyungu, mabaki ya watu waliotengeneza chumvi hapo kuanzia karne ya 13 hivi. Nilicheza juu ya vichuguu vya namna ile utotoni, nikidhani ni udongo tu. Ni mabaki ya kazi. Shangazi alijifunza kazi yenyewe kwa mama yake. Mvua zikikatika, jua hukausha maji ya chemchemi na udongo huota ukoko mweupe. Udongo huo unakwanguliwa, unawekwa kwenye chombo chenye matundu chini, unamwagiwa maji polepole. Maji yanayochuruzika yanachemshwa mpaka yakauke. Kinachobaki kwenye chungu ndicho chumvi, na chungu chenyewe hakidumu.

Sisemi chumvi ya Ivuna ilikuwa fedha kama shilingi. Wanafunzi tunapenda kuita kila kitu fedha. Ilikuwa bidhaa ambayo kila mtu aliihitaji na wachache waliipata karibu, kwa hiyo ilisafiri mbali na kubadilishwa na vitu vingine. Ethiopia walikwenda mbele zaidi. Vipande vya chumvi kutoka nyanda za Afar, viitwavyo amole, vilitumika kulipia vitu sokoni kwa karne nyingi, hadi karne ya 20. Kinachonishika mimi ni ugumu. Ivuna ugumu haukupangwa na mtu. Uliwekwa na mvua, kwa kuwa masika huyeyusha ukoko wote, na uliwekwa na kuni, na udongo wa vyungu, na idadi ya mikono. Mwenye nguvu mara elfu hakuwepo. Na kila mwaka mvua ilirudisha kila kitu mwanzo bila kumwomba yeyote kura. Aliyebaki na chumvi isiyouzika aliipeleka jikoni.

Lakini sitaki kuifanya hadithi ya zamani iwe tamu kupita kiasi, maana mgeni mwenye mashine amewahi kufika huku kwetu zaidi ya mara moja. Mara moja alitokea kwetu akaenda kwa wengine. Afrika Magharibi walikuwa wanalipana kwa kauri ndogo zilizotoka visiwa vya Maldivi, na umbali ndio uliozifanya ziwe chache. Kuanzia mwaka 1845 wafanyabiashara wa Hamburg wakaanza kupakia meli kauri kubwa za Zanzibar na pwani yetu, zilizookotwa kwa bei ya bure, na kuzimwaga Lagos na jirani zake. Thamani ya kauri ikaporomoka miaka nenda miaka rudi. Aliyekuwa ameweka akiba ya maisha ndani ya magunia alibaki na magunia. Ninapofundisha semina za mwaka wa kwanza nawaambia wanafunzi wafikirie yule mzee wa Lagos ambaye hakuwahi kusikia jina Zanzibar.

Mara nyingine alikuja kwenye chumvi yenyewe. Uvinza, magharibi mwa nchi, chumvi ilitengenezwa kwa zaidi ya miaka 1,000. Katika karne ya 19 watu walifika kutoka mbali kila kiangazi, wakapiga kambi kando ya chemchemi, wakachemsha, wakawalipa watawala wa pale sehemu ya walichopata. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya Kijerumani ikajenga kiwanda hapo, ikapaita Gottorp. Mwaka 1914 Reli ya Kati ikafika Kigoma, ikipita Uvinza. Tofauti na mgeni wetu ni kwamba Wajerumani hawakuzima mashine na kuondoka kesho yake asubuhi. Walibaki na chemchemi.

Msimamizi wangu wa tasnifu hapendi sura niliyoiandika kuhusu Munyu. Anasema miezi minne ya wanafunzi arobaini si historia. Huenda ana haki, na sura imehamia kwenye kiambatisho. Hata hivyo ndiyo sehemu pekee ya tasnifu ambayo nyaraka zake zimekamilika: kila malipo, kila bloku, na saa yake. Vichuguu vya Ivuna haviniambii hata jina moja la mtu aliyechemsha.

Binamu nilimlipa shilingi 60,000 kwa awamu tatu. Za umeme wa LUKU alikataa, akasema hizo alicheza mwenyewe. Wawili wengine walionunua kwa neno langu sijamaliza kuwalipa. Mmoja namdai uvumilivu, mwingine haulizi tena, jambo linalonisumbua zaidi. Laptopu ya zamani bado ina mnyororo wote. Julai iliyopita niliiwasha shangazi akiwa ameketi kando, nikamwonyesha kioo na namba ya bloku ya mwisho. Tulisubiri kuanzia saa nne asubuhi. Ilipofika saa saba aliniambia niitoe mezani, chakula kiko tayari.