"Si Inafanya Kazi?" Swali la Uvivu Tangu 1964

Kuna wasee wanadhani kuandika programu inayosomeka ni fasheni ya juzi. Zii. Huu ubishi umezidi miaka 60.

Tarehe 7 Aprili 1964, IBM ya Marekani ilitangaza System/360, familia ya kompyuta kubwa za ofisi na maabara. Programu zake nyingi ziliandikwa kwa asembla, lugha ambayo karibu kila mstari ni agizo moja la mashine. Mstari mmoja, kadi moja ya matundu yenye safu 80. Jina la mstari linaanza safu ya 1. Mstari ukikulemea, unaweka alama safu ya 72 na kuendelea kwa kadi inayofuata kutoka safu ya 16. Safu 73 hadi 80 ni za namba, ndio rundo likianguka uweze kulipanga tena. Na jina lisizidi herufi 8. Jieleze hapo!

Sasa cheki. Ukitaka kuruka agizo moja, uliweza kuandika B *+8, yaani ruka hadi baiti ya 8 kutoka hapa. Fupi, na inafanya kazi. Lakini siku moja mtu mwingine anaongeza agizo hapo katikati. Mruko bado unahesabu 8. Programu inatua pabaya, na asembla imenyamaza tu. Aliyeandika B MWISHO, akaupa mstari wa kutua jina MWISHO, hana hiyo stress. Asembla inahesabu upya yenyewe.

Hata rejista, zile sehemu 16 za kufanyia hesabu, ziliitwa kwa namba. Ukiandika 12 tupu, mashine inaelewa. Wajanja waliandika kwanza R12 EQU 12, halafu wakatumia R12. Kwa mashine hakuna tofauti. Kwa binadamu ipo: asembla huchapisha orodha ya kila jina na mistari linakotumika. R12 utaiona yote. 12 tupu haimo.

Na si hadithi ya makumbusho. Kompyuta kubwa za IBM za leo bado zinaweza kuendesha programu za enzi za 360. Mwenye aliandika pengine alistaafu kitambo, huwezi kumpigia simu. Majibu yake ni yale majina na maelezo aliyoacha.

Kwa hivyo ukiambiwa "si inafanya kazi?", uliza: itafanyiwa kazi na nani kesho?