Tarehe ya Ukoo wa Sforza, Mabwana wa Milano

Ukoo huu haukuanzia ikulu. Muzio Attendolo alizaliwa mwaka 1369 huko Cotignola, mji mdogo wa Romagna, na angali kijana akaingia katika kazi iliyolipa kuliko jembe: vita vya kukodiwa. Miji ya Italia ilikuwa na fedha nyingi na raia wachache wa kupigana, basi ilimwajiri kamanda kwa mkataba wenye muda, malipo na idadi ya “mikuki”. Mkuki mmoja ulihesabiwa watu watatu: mpanda farasi mwenye deraya, msaidizi wake na kijana wa kuwahudumia. Mkataba ukiisha, kamanda aliweza kumtumikia hata yule aliyepigana naye jana. Muzio, aliyebandikwa jina la Sforza, aliitumikia Perugia, Firenze, Napoli na Papa pia. Januari 1424 alizama katika Mto Pescara akijaribu kumwokoa kijana wake, na maiti yake haikuonekana.

Jeshi likabaki kwa Francesco, mwanawe wa nje ya ndoa, aliyekuwa na miaka 22. Huyu ndiye aliyeujenga ukoo. Filippo Maria Visconti, Duke wa Milano, alimhitaji na kumwogopa kwa wakati mmoja. Mwaka 1432 alimwahidi kumwoza binti yake wa pekee, Bianca Maria, kisha akaichelewesha harusi miaka tisa, akiifanya chambo kila Francesco alipohamia upande wa Venezia na Firenze. Ndoa ilifungwa Cremona mwaka 1441, na mji huo ukawa sehemu ya mahari ya bibi harusi.

Agosti 1447 Visconti akafa bila mtoto wa kiume. Wamilano wakatangaza jamhuri, wakaiita kwa jina la Mtakatifu Ambrosi, na kwa kuwa Venezia ilikuwa imeshakaribia, wakamkodi mkwe wa marehemu. Tarehe 15 Septemba 1448 Francesco aliwashinda Wavenezia vibaya huko Caravaggio. Mwezi uliofuata akapatana na Wavenezia hao hao wamsaidie kuichukua Milano, mji uliokuwa ukimlipa mshahara! Wapo wanaomwita msaliti. Kwangu mimi, alifanya hadharani yale ambayo serikali zote za Italia zilifanya faraghani. Mwaka 1449 Venezia nayo ilimgeuka, ikafanya amani na jamhuri ile, maana ilimwogopa jirani mwenye nguvu. Francesco hakujali, akaendelea kuuzingira mji mpaka njaa ikawashinda watu. Februari 1450 wakaasi, wakamuua balozi wa Venezia, wakamfungulia malango. Askari wake waliingia wamebeba mikate.

Fedha nyuma yake zilikuwa za Cosimo de' Medici wa Firenze. Uamuzi wa Cosimo ulipindua mizani yote: kwa miaka mingi Firenze na Venezia zilikuwa pamoja dhidi ya Milano, sasa Firenze na Milano zikawa upande mmoja, Venezia na Napoli upande wa pili. Waosmani walipoiteka Konstantinopoli mwaka 1453, Venezia ilitaka kupumua. Tarehe 9 Aprili 1454 amani ilitiwa saini Lodi, na Mto Adda ukawa mpaka.

Galeazzo Maria, aliyemrithi Francesco mwaka 1466, alikuwa mkatili, na aliuawa kwa visu kanisani siku ya pili ya Krismasi mwaka 1476. Mwanawe Gian Galeazzo alikuwa na miaka saba. Ami yake, Ludovico, aliyeitwa il Moro, akashika usukani mwaka 1480 na hakuuachia hata mtoto alipokua na kuoa. Mke wa kijana huyo, Isabella, alikuwa mjukuu wa mfalme wa Napoli, naye hakunyamaza. Ludovico akaona dawa ya Napoli ni Ufaransa, akamchochea mfalme wa huko, Charles wa Nane, avuke milima ya Alpi mwaka 1494. Shaba iliyowekwa kwa ajili ya sanamu kubwa ya farasi ya Leonardo da Vinci, kumbukumbu ya Francesco, ilipelekwa Ferrara ikafanywa mizinga. Vita vya panzi, neema ya kunguru: Februari 1495 Charles alikuwa ndani ya Napoli, na mwezi uliofuata Ludovico akaingia katika muungano wa kumfukuza mgeni aliyemwita mwenyewe.

Lakini njia ilikwisha kujulikana. Mfalme Louis wa Kumi na Mbili wa Ufaransa, ambaye bibi yake alikuwa Visconti, aliidai Milano kama urithi, akaahidi kuipa Venezia Cremona, na mwaka 1499 akauteka mji. Wapiga mishale Wagaskoni waliufanya mfano wa udongo wa farasi yule shabaha. Ludovico alirudi na mamluki Waswisi, lakini Aprili 1500 huko Novara walikataa kupigana na Waswisi wenzao waliolipwa na Ufaransa. Alikamatwa akijaribu kutoroka kati yao amevaa kama askari wa kawaida, akafa kifungoni Loches mwaka 1508.

Waswisi walimrudisha mwanawe Massimiliano mwaka 1512, na kushindwa kwao Marignano mwaka 1515 kukamwondoa. Mdogo wake, Francesco wa Pili, alitawala kwa hisani ya Kaisari Charles wa Tano. Alipokufa Novemba 1535 hakuwa na mtoto, na Kaisari akauchukua mji bila kumuuliza mtu wa Milano.