Gitaa, Zeze na Mizani ya Sauti

Tumepata kushuhudia, katika shindano moja la shule, vijana wa zeze wakitolewa kwa madai kwamba nyuzi zao zimepotoka, kwa kuwa hazikuafikiana na gitaa. Hukumu hiyo ilituuma, nasi twaona ni wajibu wetu kuuliza: je, gitaa lenyewe limenyooka?

Udi, ambao wapigaji wetu wa taarabu wangali wakiutumia, una shingo tupu; kidole cha mpigaji ndicho kitafutacho mahali pa sauti. Ulipopokelewa Ulaya, uzao wake uliwekewa vizuizi shingoni, kama lilivyo gitaa. Hapo ikazuka taabu: kizuizi kiwekwe wapi? Mwaka 1581 Vincenzo Galilei wa Italia, baba wa mnajimu Galileo, alieleza kanuni kwamba kila kizuizi kipunguze urefu wa uzi uliobaki kwa sehemu moja ya 18. Ukifanya hivyo mara 12, uzi hubaki mrefu kuliko nusu. Kwa uzi wa sentimita 65, ziada hiyo ni kama milimita 2. Kwa hesabu, sauti ingekuwa chini kidogo. Lakini kidole kigandamizapo uzi huukaza, na sauti ikapanda. Kosa moja likalifidia jingine! Mafundi wa siku hizi hugawa kwa 17.82 hivi, kisha husogeza nyuma kidogo daraja lichukualo nyuzi, ili kufidia mkazo huo.

Hata hivyo, fundi hodari amalizapo kazi, gitaa bado lina upungufu wake. Oktavu imegawanywa katika hatua 12 zilizo sawa, ili mpigaji aweze kuanzia wimbo popote apendapo. Maumbile hayakugawa hivyo. Uzi wowote upigwapo, ndani ya sauti yake kuu mna sauti ndogo zitetemazo mara 2, 3, 4, 5 na kuendelea. Sauti ya 5 iko chini ya jirani yake wa gitaa kwa asilimia 14 ya hatua moja. Ya 7, kwa asilimia 31.

Wagogo wa Dodoma wamejenga uimbaji wao na ala zao juu ya sauti hizo hizo za maumbile. Ndivyo alivyopiga na kuimba Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, na ulimwengu ukamsikiliza kwa heshima.

Basi zeze halikupotoka. Lilipimwa kwa mizani isiyo yake. Hatulidharau gitaa, kwani limeutumikia vyema muziki wetu wa dansi. Lakini wahenga walituonya: usisafirie nyota ya mwenzio. Mwalimu, kabla hujaukaza uzi wa mwanafunzi wako, msikilize kwanza. Huenda sikio lake linakumbuka jambo ambalo vizuizi vya gitaa havilijui.