Shule Ndogo ni Amana: Kutoka UMEA hadi Nakivale



Ndugu wazazi na wanafunzi, shule ndogo ya kijijini ni ya nani? Historia ya Uganda inatupa jibu.

Enzi za ukoloni shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni za Kikristo. Waislamu wengi walichelea kupeleka watoto huko wasije wakabatizwa, wakabaki nyuma kielimu. Mwaka 1944 ikaundwa jumuiya ya elimu ya Waislamu wa Uganda, UMEA, chini ya Prince Badru Kakungulu, aliyetoa ardhi ya Kibuli penye msikiti na shule.

Baada ya uhuru wa 1962, serikali ilichukua usimamizi wa shule za madhehebu. Lakini uchumi ulipoporomoka miaka ya 1970 na 1980, waliozibeba shule ni wazazi: kupitia PTA, yaani umoja wa wazazi na walimu, walichanga kuongezea mishahara na kujenga madarasa.

Mwaka 1997 ukaja mpango wa elimu ya msingi bila ada, UPE. Ilikuwa kheri kubwa, alhamdulillah, ila wazazi wengi wakaanza kusema, "shule ni ya serikali," wakaacha vikao. Hali sheria haikuwatoa: Sheria ya Elimu ya 2008 inataka kila shule ya msingi inayosaidiwa na serikali iwe na kamati, ndani yake wawakilishi wa waanzilishi, wazazi, walimu na serikali ya mtaa.

Sasa tuitazame Nakivale, makazi ya wakimbizi kusini mwa Mbarara, yaliyotambuliwa rasmi mwaka 1960 kwa ajili ya Wanyarwanda. Leo wapo pia Wakongomani, Warundi na Wasomali. Hapo mjumbe wa kamati leo yupo, kesho amehamishiwa nchi nyingine. Akiondoka na hesabu kichwani, shule imepotelewa na kumbukumbu, na wazazi wanaanza kushukiana kabila kwa kabila.

Kwa hiyo tunausia mambo matatu: maamuzi yaandikwe kwenye daftari linalobaki shuleni, hesabu isomwe mbele ya wazazi kila muhula, kwa lugha wanayoielewa, na kina mama wakae kwenye kamati. Kujitolea hakumwondolei mtu hisabu, na Qur'ani ina sura nzima yenye jina la Mashauriano.

Shule ni ya anayehudhuria kikao chake. Kikao kijacho, mzazi mwenzetu, usikikose.