Jiwe, Kazi na Ada: Tofauti Miongoni mwa Waneandathali

Mnamo mwaka 1856 wachimbaji wa mawe ya chokaa katika bonde la Neander, karibu na Düsseldorf nchini Ujerumani, walitoa pangoni mifupa ya binadamu asiyefanana sawasawa na sisi. Kwa muda mrefu baada ya hapo Mneandathali alihesabiwa kuwa ni kiumbe mzito wa akili, achongaye jiwe lile lile kwa namna ile ile popote alipo. Suali lililobaki ni hili: je, watu hao walikuwa na ada, yaani mambo ambayo mtoto huyashika kwa mkubwa wake kwa kuwa ndivyo kwao yafanywavyo?

Mfaransa François Bordes alijibu kuwa walikuwa nazo. Yeye alichimbua Combe Grenal, kusini-magharibi mwa Ufaransa, mahali penye matabaka zaidi ya hamsini ya zana zao. Alizigawa zana hizo katika makundi machache, akaliona kila kundi kuwa ni alama ya kabila lake. Mwaka 1966 Wamarekani Lewis na Sally Binford wakampinga: watu ni wale wale, ila kazi ndizo zilizotofautiana. Naye Harold Dibble, katika miaka ya 1980, akaonyesha kuwa zana ya kukwangulia hubadilika umbo kila inolewapo. Kumbe zana zilizohesabiwa kuwa ni za namna mbili huenda zikawa ni za namna moja, hii ingali mpya na ile imekwisha kulika.

Hoja hizo zilikuwa nzito, na nusura ziiondoe ada kabisa katika mazungumzo. Lakini mwaka 2013 Karen Ruebens alilinganisha zana za Waneandathali wa mwisho, zilizochongwa pande zote mbili, kutoka nchi tano za Ulaya. Ufaransa na Uingereza alikuta shoka za mkono zilizolingana ubavu kwa ubavu, nyingine mfano wa moyo. Ujerumani alikuta visu vyenye upande mmoja mkali na mgongo butu. Ubelgiji na Uholanzi, zilizo kati, zilikuwa na mchanganyiko. Aina ya jiwe na kazi ya zana havikutosha kueleza mpaka huo. Ruebens aliona hapo mapokeo mawili, na baina yao nchi ya kukutania.

Ushahidi mwingine umetoka mbali na Ulaya. Katika mapango ya Amud na Kebara, kaskazini mwa Israeli, Waneandathali waliishi baina ya miaka 60,000 na 50,000 iliyopita. Umbali wa mapango hayo ni kilomita 70 tu. Wakaaji wake walitumia zana za gumegume zilizofanana, wakiwinda paa na kulungu. Hata hivyo utafiti uliotolewa mwaka 2025 ulionyesha kuwa mikato kwenye mifupa ya Amud imesongamana na kupandana zaidi kuliko ile ya Kebara. Huenda nyama ilikaushwa kwanza, au wachinjaji walikaa wengi kwenye mnyama mmoja. Vyovyote iwavyo, kila pango lilikuwa na desturi yake.

Ambaye angeyatazama mawe peke yake angepita Amud, akafika Kebara, asione tofauti. Kisu kilikuwa kimoja. Mkono ulifunzwa mbali mbali.